Mazoezi ya Viungo Yenye Usimamizi kwa Wazee na Vijana Wenye Ulemavu: Mwongozo kwa Makanisa Yetu



Kila Jumapili, katika makanisa yetu ya Makiso, Mangobo, Kabondo, Tshopo, na Lubunga ng'ambo ya mto, watu wawili huketi karibu na mlango. Wa kwanza ni mzee aliyeletwa na wajukuu kwa toleka, zile baiskeli zetu za kukodi. Wa pili ni kijana mwenye magongo au kiti cha magurudumu. Tunawasalimu kwa heshima, tunawapelekea Meza ya Bwana pale walipo, na ibada ikiisha tunawasaidia kurudi nyumbani. Tangu hapo mpaka Jumapili nyingine, wanakaa. Makala hii inahusu zile siku sita za kukaa, na jambo ambalo kanisa la mahali linaweza kulifanya.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Baba yangu alipozeeka, sisi watoto tulisema: baba amefanya kazi ya kutosha, sasa akae, atumikiwe. Maji alipelekewa, chakula alipelekewa, hata kiti kilisogezwa ili asitembee hatua kumi. Tuliona hiyo ndiyo heshima. Baada ya miaka miwili hakuweza kuinuka kitini bila mtu kumvuta mikono. Usiku mmoja aliamka kwenda chooni, akaanguka, akavunjika nyonga. Hakutembea tena bila kushikwa. Upendo tulikuwa nao, ila maarifa hatukuwa nayo.

Mazoezi yenye usimamizi ni nini?

Ni mazoezi ya mwili yanayofanywa kwa ratiba, chini ya jicho la mtu aliyefundishwa. Msimamizi ana kazi tano: kumpima mtu kabla ya kuanza, kumchagulia zoezi linalomfaa, kumhesabia, kumwongezea kidogo kidogo, na kujua saa ya kumsimamisha. Mwenye ujuzi kamili wa kazi hii ni mtaalamu wa fiziotherapia, yule ambaye hapa kwetu tunamwita kinezi. Lakini si lazima awepo kila siku. Anaweza kuwapima washiriki, kupanga mazoezi, kuwafundisha muuguzi na wasaidizi wa kanisa, kisha arudi kila baada ya muda kukagua.

Mama anayerudi shambani na kikapu cha mihogo mgongoni atasema: mazoezi mimi nayafanya kila siku. Ni kweli. Kulima, kuchota maji, kutwanga na kutembea vyote vinahesabiwa kuwa kazi ya mwili. Mwongozo huu haumhusu yeye kwanza. Unamhusu yule ambaye umri au ulemavu umemtoa katika kazi hizo, na ambaye hakupewa kitu kingine badala yake.

Kwa nini wazee na vijana wenye ulemavu pamoja?

Kuna sababu tatu. Ya kwanza ni ya mwili. Misuli isiyotumika hupungua, na viungo visivyonyooshwa hukaza, awe mtu ana miaka 15 au 75. Mguu uliodhoofishwa na polio na mguu uliodhoofishwa na uzee vina magonjwa tofauti, lakini vyote viwili vinaharibiwa zaidi na kukaa.

Ya pili ni ya sheria. Katiba ya nchi yetu ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 49, inawataja wazee na watu wenye ulemavu kwa pamoja, na kuwapa haki ya ulinzi maalumu kulingana na mahitaji yao ya mwili, akili na maadili. Kongo ilijiunga mwaka 2015 na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao kifungu chake cha 30 kinazungumzia michezo na burudani. Tarehe 3 Mei 2022 ilitoka sheria ya kitaifa namba 22/003 ya kulinda na kukuza haki za watu wenye ulemavu. Kwa hiyo tunapomfungulia kijana huyu uwanja wa kanisa, hatumfanyii hisani tu.

Ya tatu ni historia ya mji wetu. Kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya Kisangani, mabomu yakaanguka juu ya nyumba za raia. Mtu aliyepoteza mguu siku zile akiwa na miaka 20 amekwisha kupita miaka 40. Anaanza kuingia uzeeni na ulemavu wake. Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda kuilipa Kongo dola milioni 325, na wahanga wa mji huu wana haki ya kudai fidia yao. Hata hivyo, fedha peke yake hainyooshi goti lililokaza. Kazi hiyo inadai mtu wa kusimama karibu, wiki baada ya wiki.

Ushahidi unasema nini?

Wengi wetu tunaamini kwamba mzee akishapoteza nguvu hazirudi. Mwaka 1990 watafiti wa Boston, Marekani, walichapisha habari za wazee kumi wenye umri wa karibu miaka 90, waliokuwa wakiishi katika nyumba ya kulelea wazee. Kwa wiki nane walifanya mazoezi ya kuinua uzito kwa miguu, wakisimamiwa. Nguvu za miguu yao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174, yaani karibu mara tatu ya nguvu walizoanza nazo.

Mwaka 2014 ulitoka utafiti mkubwa zaidi, pia wa Marekani, uliofuata watu 1,635 wenye umri wa miaka 70 hadi 89 kwa zaidi ya miaka miwili. Waliofanya mazoezi ya ratiba walipoteza uwezo wa kutembea mita 400 kwa uchache kuliko wale waliopewa mafundisho ya afya peke yake: asilimia 30 dhidi ya asilimia 35 na nusu. Na mwaka 2019 wachunguzi waliokusanya tafiti 108 kutoka nchi mbalimbali waliona kwamba mazoezi hupunguza idadi ya maanguko ya wazee kwa karibu robo moja. Mazoezi yaliyosaidia zaidi yalikuwa yale ya kutunza usawa wa mwili pamoja na ya kutia misuli nguvu.

Kiasi gani?

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya mwaka 2020, na safari hii liliweka mashauri ya wazi kwa watu wenye ulemavu. Kwa ufupi:

- Mwenye miaka 65 na zaidi: dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, mazoezi ya nguvu siku mbili au zaidi, na mazoezi ya usawa wa mwili siku tatu au zaidi.
- Mtoto na kijana wa miaka 5 hadi 17, pamoja na mwenye ulemavu: wastani wa dakika 60 kila siku, na siku tatu katika wiki ziwe na mazoezi mazito zaidi na ya kutia misuli nguvu.
- Mtu mzima mwenye ulemavu: dakika 150 hadi 300 kwa wiki, kwa kadiri awezavyo.

Mtu asitishwe na hesabu hizi. Mwongozo huohuo unasema kufanya kidogo ni bora kuliko kutofanya kabisa. Mzee anayeanza na dakika tano ameanza.

Mwendo wa wastani tutaujuaje bila chombo? Kwa sauti. Mtu akiweza kuongea lakini pumzi haimtoshi kuimba, yuko mahali pazuri. Akiweza kuimba wimbo mzima, anaweza kuongeza kidogo. Akishindwa kuongea, apunguze mara moja.

Kabla ya kuanza

Hakuna mtu aingie katika kikundi bila kuonwa na muuguzi, daktari au kinezi. Mwulizeni juu ya presha, sukari, moyo, pumu, kifafa, anemia ya SS, maanguko ya mwaka uliopita, na dawa anazotumia. Mpimeni presha. Ikiwa 180 kwa 110 au zaidi, asifanye siku hiyo. Apelekwe kituo cha afya. Asifanye pia mwenye homa, mwenye maumivu ya kifua, anayehema akiwa amekaa, mwenye kizunguzungu kipya, au mwenye mguu mmoja uliovimba na kuuma ghafla. Mwenye sukari anayetumia dawa asije na njaa.

Kisha pimeni mambo mawili na kuyaandika katika daftari. La kwanza: mtu aketi kwenye kiti imara, akunje mikono kifuani, ainuke na kukaa mara nyingi awezavyo kwa sekunde 30, andikeni hesabu. La pili: ainuke kitini, atembee mita tatu, ageuke, arudi na kukaa. Saa ya simu inatosha. Mzee anayetumia sekunde 12 au zaidi yuko katika hatari ya kuanguka, na anapaswa kuwa na msaidizi pembeni yake. Rudieni vipimo hivi kila mwezi. Mtu akiona hesabu yake imetoka nne na kufika saba, hamtahitaji kumbembeleza aje.

Saa moja ya mazoezi

Kisangani iko karibu kabisa na mstari wa ikweta, joto na unyevu ni vingi. Fanyeni asubuhi kabla jua halijawa kali, au jioni, chini ya paa au kivuli. Maji safi ya kunywa yawepo. Sakafu iwe kavu. Siku ya mvua, udongo unaoteleza ni adui.

1. Kupasha mwili moto, dakika 10: kuzungusha mabega, kuinua magoti, kutembea mahali pamoja. Wasioweza kusimama wafanye wakiwa wameketi.
2. Nguvu, dakika 15 hadi 20: kuinuka na kukaa kitini, kujiinua kwa vidole vya miguu huku mtu ameshika benchi, kuinua chupa za nusu lita zilizojaa maji au mchanga. Kila zoezi mara 8 hadi 12, kisha kupumzika.
3. Usawa wa mwili, dakika 10: kusimama mguu mmoja mbele ya mwingine, kutembea kwa upande, kugeuka polepole. Kila mtu awe na benchi la kushika au msaidizi wa kumdaka.
4. Kutembea au kusukuma kiti cha magurudumu, dakika 10.
5. Kupoza mwili, dakika 5: kunyoosha viungo na kupumua polepole.

Vifaa vyote hivyo vimo kanisani tayari: mabenchi, viti, chupa, uwanja. Ngoma ya kwaya ni msaada mkubwa, maana inashika mwendo kuliko mdomo wa msimamizi. Mimi nashauri watu wasizidi 12 kwa kikundi, na kila mwenye hatari ya kuanguka awe na msaidizi wake.

Vijana: kila hali na namna yake

Neno ulemavu linabeba hali nyingi. Msimamizi asiwape wote zoezi moja.

Mwenye mabaki ya polio atumie misuli yake bila kuichosha kupita kiasi. Akiwa bado amechoka au anaumwa siku ya pili, tulizidisha, tupunguze. Mwenye magongo au kiti cha magurudumu anabebesha mabega yake kazi ya miguu, kwa hiyo mabega yatiwe nguvu na pia yapumzishwe.

Kijana ambaye ubongo wake uliumia utotoni, mwenye viungo vilivyokaza, anyooshwe polepole. Kuvuta mguu wake kwa nguvu kunaongeza ukakamavu na kunaweza kumwumiza. Asiyehisi miguu kwa sababu ya uti wa mgongo akaguliwe ngozi kila mara, ili vidonda vya kukalia visianze kimyakimya. Ajifunze kujiinua kwa mikono kitini mwake mara nyingi kwa siku.

Mwenye kifafa anaweza kushiriki vizuri akinywa dawa zake, lakini asipande juu wala asiingie mtoni bila mtu wa kumlinda. Mwenye anemia ya SS aanze taratibu, anywe maji mengi, apumzike mara kwa mara, na asishindanishwe. Mwenye ugonjwa wa Down asipinduke kichwa chini wala kukunjwa shingo kabla daktari hajamwona, kwa kuwa mifupa ya shingo yake inaweza kuwa legevu. Kijana mwenye ulemavu wa akili hufuata vizuri zaidi akionyeshwa zoezi kwa vitendo, moja moja, kwa mpangilio uleule kila siku.

Na tusisahau kwamba kijana anataka kucheza. Mpira wa kukaa, kurusha na kudaka, mashindano ya viti vya magurudumu: hayo pia ni mazoezi. Mwaka 2012 nchi yetu ilishiriki kwa mara ya kwanza katika michezo ya Paralimpiki, kule London. Wanamichezo wale nao walianza mahali fulani padogo.

Kulinda heshima na usalama

Kabla ya kumgusa mtu, mwulize. Hata asiyeongea ana njia ya kukubali au kukataa. Mtoto na kijana asiachwe peke yake na mtu mzima mmoja; wawepo wawili siku zote, na kwa wasichana awepo mwanamke. Msipige picha na kuzisambaza bila ruhusa ya mwenyewe na ya wazazi. Wasaidizi wachaguliwe kwa tabia kabla ya nguvu.

Jambo lingine linatuhusu sisi wachungaji. Tusigeuze saa ya mazoezi kuwa mahali pa kumlazimisha mtu atupe magongo ili imani yake ionekane. Tunaomba, na Mungu anaponya apendavyo. Lakini kijana akiaibishwa mbele ya wenzake, hatarudi, na pengine hatarudi hata ibadani. Magongo yake si dhambi ya kutubiwa.

Kuanza hapa kwetu

Kazi hii si ngeni kwa Waprotestanti wa Tshopo. Yakusu, chini kidogo ya mji wetu kwa njia ya mto, Wabatisti walikuwa na hospitali, na daktari Stanley Browne alitumika pale kuanzia mwaka 1936 hadi 1959, akaanzisha kijiji cha Yalisombo kwa ajili ya wagonjwa wa ukoma, watu ambao jamii ilikuwa imewaweka mbali. Chuo Kikuu cha Kisangani nacho kilianza mwaka 1963 kama chuo huria cha Waprotestanti, na leo kinafundisha waganga. Tuna mizizi.

Lakini hospitali peke yake haitoshi. Mtu wa Lubunga anayehitaji kliniki za chuo kikuu lazima avuke Mto Kongo, ambao hapa hauna daraja. Kumpakia mzee au kiti cha magurudumu katika mtumbwi mara tatu kwa wiki ni gharama na hatari. Ndiyo maana mazoezi ya kila wiki yanafaa yawe pale mtu anapoweza kufika, nayo mara nyingi ni pale lilipo kanisa. Hatua ni hizi:

- Baraza la kanisa likubali, na lichague siku mbili au tatu za wiki zisizobadilika.
- Mashemasi wapite nyumba kwa nyumba na kuandika majina, hasa ya watoto wanaofichwa ndani.
- Kituo cha afya cha karibu kiombwe muuguzi wa kupima, na kinezi atafutwe wa kufundisha wasaidizi.
- Waanze watu wachache, sita au wanane, kwa miezi mitatu.
- Daftari litunzwe, na namba ya simu ya kituo cha afya iandikwe ukurasa wa kwanza.
- Usafiri wa wasioweza kufika uingizwe katika bajeti ya diakonia. Hilo ndilo linaloua programu nyingi: zoezi ni bure, njia si bure.

Neno la mwisho

Wengine watanikumbusha kwamba Paulo, katika 1 Timotheo 4:8, aliweka utauwa juu ya mazoezi ya mwili. Ndivyo. Lakini hakusema mazoezi hayana faida. Alisema yana faida kidogo. Kwa mama anayetaka kwenda chooni usiku bila kumwamsha mtu, hiyo kidogo ni kubwa.

Katika Matendo 3, yule kiwete wa mlangoni pa hekalu alikuwa akibebwa kila siku na kuwekwa pale. Waliombeba walikuwa na huruma, na waliompa sadaka walikuwa wakarimu, lakini wote walimwacha ameketi. Petro alimshika mkono wa kuume, akamwinua. Muujiza ni wa Bwana, hatuwezi kuuiga. Mkono tunaweza kuunyoosha. Jumapili ijayo, baada ya baraka, nenda kwa yule anayeketi karibu na mlango, umwulize: Je, wewe mwenyewe ungependa kuweza kufanya nini? Andika jibu lake. Hapo programu imeanza.

Neema ya Bwana iwe nanyi.